Ozell Sturrup na Mtihani wa Julai

Ukitaka kujua Ozell Sturrup alikuwa nani, usimwulize yeye. Atakukatalia kwa unyenyekevu wa uongo, kisha atakueleza kwa saa nzima na nusu. Wewe ingia tu saluni ya Shemasi Pinder pale Pahokee, Jumamosi yoyote asubuhi, useme kwa sauti kwamba mpira wa siku hizi ni mtamu kuliko wa zamani. Utajibiwa kabla hujapata pa kukaa.

Mpira wenyewe si ule wa kupiga kwa mguu. Ni huu wetu wa helmeti na mabega ya plastiki, unaokumbatiwa kwapani na kukimbizwa, na anayeukimbiza anakumbwa mpaka alale chini. Pahokee ni kimji tu, kimebanwa kati ya ziwa na mashamba ya miwa, hakina hata sinema, lakini kimetoa wachezaji wa kulipwa wengi kuliko miji inayokizidi mara kumi. Ozell alikuwa mmoja wao. Misimu saba alicheza mlinzi wa nyuma kwenye timu moja ya kaskazini, huko kwenye baridi ya kukata masikio, na kazi yake ilikuwa moja tu: mtu akiruka juu kuudaka mpira, ashuke akijuta.

Sasa ana miaka arobaini na mitatu na ni fundi wa mashine za kuvunia miwa. Mkewe, Verlene, anapika kwenye jiko la shule ya msingi, mwanamke mwenye sauti ndogo na macho yanayoona kila kitu. Mtoto wao ni mmoja, Tavaris, ishirini na mitatu, naye mlinzi wa nyuma kama babaye, ligi ileile, mwaka wa pili. Ila Tavaris hakuingia kwa kugombaniwa na timu. Aliingia kwa kuomba nafasi, akawa mkiani mwa kikosi, na wa mkiani akikohoa tu, nafasi yake ina mtu.

Basi, majira ya machipuko ya mwaka huo ligi ilitangaza sheria mpya. Mchezaji atakayetanguliza kichwa cha helmeti kumgonga mwenzake, nje. Hakuna onyo, hakuna kujitetea. Siku ya pili saluni ilijaa watu ambao hata hawakuwa na nywele za kunyoa.

"Wanaume wazima hawa!" Ozell alikuwa kitini, shuka shingoni, povu nusu ya kidevu. "Sasa kabla ya kumgonga mtu nimwandikie barua ya maombi?"

"Na umpigie magoti," alidakia Lucious, dereva wa lori la miwa, mtu ambaye hajawahi kucheza hata dakika moja ila hakuna anayejua mpira kama yeye, kwa maelezo yake mwenyewe. "Halafu ukishamgusa umwimbie."

"Wameugeuza densi."

"Densi ina mikikimikiki, bwana. Hii ni kwaya."

Watu wakacheka. Shemasi Pinder hakucheka. Alikuwa mzee mwembamba, shemasi wa kanisa la Kibaptisti, na alikuwa na tabia mbaya ya kusema jambo zito akiwa ameshika wembe shingoni mwako, ukashindwa kugeuka.

"Nyinyi chekeni," alisema. "Mimi nimenyoa vichwa vya mji huu miaka thelathini. Nina watu hapa, walikuwa mashujaa wa uwanjani, ninawanyoa leo, kesho wako tena kwenye kiti hiki wanataka kunyolewa. Ninawapitishia mashine bila meno, isiyokata kitu, wanashukuru, wanakwenda. Roosevelt, shujaa wenu yule wa mpira, alifanya hivyo mwaka mzima kabla hajafa."

"Roosevelt alikuwa mlevi, Shemasi," alisema Ozell.

"Alianza kunywa lini?"

Ozell akafuta povu kwa shuka. "Sawa, lakini sisi tulijua tunachokifanya. Hakuna aliyetulazimisha. Na hao wa timu na vipimo vyao vya ubongo, tuliwazidi akili kila mwaka."

Hapo kila mtu akatabasamu, maana hadithi hiyo waliipenda. Ni hivi. Kila Julai, kambi inapoanza, kabla mtu hajagongwa hata mara moja, timu inawakalisha wachezaji mbele ya kompyuta na kuwapima akili. Unaonyeshwa maneno kumi, unacheza na maumbo na tarakimu, kisha unaulizwa maneno yale unakumbuka mangapi. Alama zako zinawekwa. Ukija kugongwa Oktoba ukaona nyota, wanakupima tena na kulinganisha. Umeshuka, unakaa nje. Hujashuka, unarudi uwanjani. Sasa wachezaji si wajinga. Ukifeli Julai kwa makusudi, Oktoba huna pa kushukia.

"Lakini kuna ufundi wake," Ozell alikuwa akisema, kidole juu. "Usikose yote, kompyuta itakushtukia. Maneno unataja mawili, matatu. Kwenye maumbo unakuwa mzito, kama mtu aliyekula akashiba. Misimu saba nilikuwa mjinga kuliko wote kambini. Na misimu saba sikukosa mechi hata moja kwa sababu ya kichwa!"

"Huyo ndiye mwanamume," alisema Lucious.

Na Ozell alimfundisha Tavaris ufundi huo, mezani kwake, mwaka uliotangulia, kijana akiwa ndio kwanza anaingia ligi. Walicheka mpaka Verlene akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Hawakumwambia.

Mambo yalianza kuonekana mwezi wa tano. Kiangazi ndipo mashine za miwa hufunguliwa na kukarabatiwa, kwa hiyo kazi ilikuwa nyingi. Siku moja Ozell alikwenda stoo kuchukua spana. Wenzake walimsubiri robo saa, wakamfuata, wakamkuta ameketi juu ya pipa la grisi, mikono magotini, ametulia kabisa. Akawaambia anapumzika. Wakamwamini, kwani kulikuwa na joto la kukausha mate.

Kisha, mwanzoni mwa Julai, ikaja siku ya dukani. Alimpeleka Verlene kununua vitu vya Jumapili, akabaki kwenye gari. Verlene alipotoka na kigari kimejaa, gari halikuwepo. Ozell alikuwa ameshafika nyumbani, amevua viatu, anaita jikoni, "Verlene! Mama, leo tunakula saa ngapi?" Mke wa mchungaji ndiye aliyemrudisha Verlene na mifuko yake. Aliingia, akapanga nyama kwenye jokofu, akaosha sukuma wiki jani moja moja, hakusema neno. Ozell alikuwa amezoea kugombezwa na mkewe, na ugomvi wa Verlene si mchezo. Kule kutogombezwa ndiko kulikomtia hofu.

"Nimekuwekea miadi na daktari," Verlene alisema alipomaliza. "West Palm. Alhamisi ya wiki ijayo. Na utakwenda."

"Nitakwenda," alisema Ozell.

Daktari aliitwa Villalba, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na hakuwa na haraka. Alikuwa ameshaandikia timu ya zamani ya Ozell akaletewa karatasi zake zote za Julai. Akampima. Picha za kichwa, maswali, maumbo, tarakimu, na mwishoni maneno. Kumi, yaleyale ya mtindo ule. Ozell akakaa wima kama yuko kanisani. Wala hakutania, alijibana hasa, akakunja vidole chini ya meza kwa kila neno, jasho likamtoka kwenye chumba chenye kiyoyozi. Alitaka kujua. Hilo ndilo lililokuwa limemkosesha raha mwezi mzima: kichwa chake kinakwenda, au ni uchovu na umri tu? Hakutaka dawa wala huruma, alitaka jibu.

Daktari Villalba aliweka karatasi mbili mezani, ya zamani na ya leo. Akazitazama kwa muda mrefu.

"Bwana Sturrup, picha hazinionyeshi kitu cha kukitolea uamuzi. Mara nyingi huwa hivyo mapema. Kwa hiyo tunategemea hizi. Na hizi zinasema hujabadilika. Alama ulizopata leo ndizo ulizopata ukiwa na miaka ishirini na minne. Karibu sawasawa."

Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Ozell alizisogeza karatasi karibu. Maneno, matatu. Maneno, matatu. Kwenye maumbo mzito, na hapa pia mzito.

"Daktari," alisema, "hii ya zamani ni ya uongo."

"Ya uongo vipi?"

"Nilifeli makusudi. Wote tulifanya hivyo." Akaanza kueleza, na kwa mara ya kwanza hadithi ile haikuchekesha. Vituo vyote vya kuchekesha vilikuwa mahali pake, kidole kilikuwa juu vilevile, ila chumbani hakuna aliyetabasamu.

Verlene ndiye aliyesema. "Daktari, karatasi hizo ziweke pembeni, niulize mimi. Mwanamume huyu alikuwa anajua siku ya kuzaliwa ya kila binamu yake, na Mungu anajua ni wengi. Alikuwa anaimba nyimbo za kitabu cha kanisa bila kitabu, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Sasa ubeti wa pili anasogeza midomo tu. Anadhani sioni."

Ozell aligeuka kumtazama. Kweli alidhani haoni.

"Ninakuamini, mama," alisema daktari. "Lakini siwezi kusema ameshuka kiasi gani, wala anashuka kwa kasi gani, kama sijui alianzia juu kiasi gani. Ile karatasi ndiyo ingeniambia. Sasa itabidi tuanze leo. Tutampima tena baada ya miezi sita, na tena, na tena. Ndipo tutajua."

"Na kama ni kweli?" aliuliza Ozell.

"Kama ni kweli, tutakuwa tumechelewa kujua. Samahani. Afadhali nikuambie wazi."

Kwenye maegesho Ozell alilia. Hakulia kwa kujificha, alilia waziwazi, mikono juu ya usukani wa gari ambalo Verlene alikuwa amemkataza kuliendesha, na Verlene alisimama nje ya mlango akimsugua mgongo. Ozell alikuwa amemwigiza mjinga misimu saba, akamwigiza vizuri, na sasa alikuwa amekuwa mtu yule yule wa kwenye karatasi. Alijilaumu hivyo kwa sauti. Kisha akaacha kulia ghafla.

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na saba."

"Julai?"

"Julai, Ozell."

"Nipe simu. Tavaris anapimwa kesho."

Kijana alipokea akiwa na furaha, nyuma yake kelele za wenzake na mlio wa vyuma vya mazoezi. "Baba! Kesho ndio kesho! Nimeanza kuwa mjinga tangu leo asubuhi, nimevaa soksi mbili tofauti."

"Tavaris, sikiliza. Kesho usifeli."

"Eti?"

"Fanya mtihani vizuri. Kumbuka yote unayoweza kukumbuka."

Kelele za nyuma zikapungua, kijana alikuwa amesogea pembeni. "Baba, unaumwa? Hapa tuko walinzi wa nyuma sita, wanaowataka ni wanne. Mimi ni wa tano nikiamka vizuri. Na sheria hii mpya, marefa wanatafuta mtu wa kumtolea mfano. Nikifaulu kesho kisha nikagongwa kidogo tu, nimekaa nje. Nikikaa nje, nimekwisha. Wewe ndiye uliyenifundisha haya!"

"Ndiyo. Nilikufundisha vibaya."

"Ulikula kwa ufundi huo misimu saba. Nyumba tunayolala ni ya ufundi huo. Kwako ulikuwa sawa, kwangu ndio dhambi?"

Kijana alikuwa anasema kweli. Basi Ozell akamwambia lile lililokuwepo.

"Nimetoka kwa daktari sasa hivi. Amenipima maneno kumi. Nimejaribu, mwanangu, nimejaribu mpaka jasho limenitoka. Nimepata matatu. Alama zilezile nilizozipata kwa kudanganya nikiwa kijana kama wewe. Daktari anasema hawezi kujua naumwa au siumwi, kwa sababu karatasi inasema nilizaliwa hivi. Mama yako anajua kwamba naumwa. Na mimi najua. Ila hakuna mahali pamebaki panapoonyesha nilivyokuwa."

Vyuma vya mazoezi vililia tena nyuma ya simu.

"Matatu?" aliuliza Tavaris, sauti imekuwa ya mtoto.

"Matatu."

Kijana hakuahidi kitu. Alisema anaitwa, akakata. Kesho yake mchana Verlene akiwa anakausha masufuria alipata ujumbe kwenye simu yake, maneno machache: Mama, mwambie nimekumbuka tisa. Ozell alipoambiwa alikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba kwa muda, akamshukuru Mungu, kisha akarudi kazini kuzifunga mashine zilizofunguliwa.

Msimu ulianza. Tavaris alibaki kikosini, wa nne kati ya wanne, na mji mzima ukatembea kifua mbele. Kwenye saluni ya Shemasi Pinder ubishi wa sheria mpya haukupoa hata wiki moja. Kila Jumapili kibendera cha njano cha refa kilirushwa kwa jambo lililomkera mtu, na kila Jumamosi mtu huyo alikuja kulisemea. Ozell aliendelea kwenda kunyolewa, lakini sasa alikuwa msikilizaji. Lucious alimtania kwamba amezeeka, au Verlene amemfunga mdomo kwa uzi. Ozell alicheka naye, akashindwa kukumbuka alichotaka kumjibu.

Oktoba, ikawa. Tavaris alimfuata mpokeaji mmoja mrefu aliyekuwa ameruka kuudaka mpira katikati ya uwanja, akamvaa. Hakutanguliza helmeti. Ilionekana mara tano kwenye televisheni, polepole, kwamba ametumia bega kama sheria inavyotaka. Lakini walipokuwa wakianguka goti la mtu likampata kichwani. Aliinuka, akaelekea upande wa timu pinzani, akageuka. Daktari wa pembeni mwa uwanja akamwona. Wakamwingiza kwenye hema la matibabu, wakampima, wakaleta alama zake za Julai. Tisa. Sasa hivi anataja manne. Hakurudi uwanjani. Aliyeingia badala yake, kijana kutoka Ohio, alidaka mpira mara mbili siku hiyohiyo.

Jumamosi iliyofuata habari za alama zile zilikuwa zimeshafika mjini, na Lucious alikuwa amesimama katikati ya saluni, amechemka. "Manne! Mtu anajua manne anaambiwa mgonjwa! Mimi hapa mkinipima sasa hivi sifikishi manne, na lori nitaendesha! Nani kamloga huyu mtoto afanye vizuri Julai? Mwana wa Ozell Sturrup, jamani! Hakufundishwa?"

"Alifundishwa," alisema Ozell kutoka kwenye benchi. "Mimi ndiye niliyemwambia aache."

Mashine ya Shemasi Pinder ikazimwa. Watu waligeuka wote.

"Wewe?"

"Mimi. Nilimpigia simu nikamwambia akumbuke yote."

"Kwa nini, kaka?" Lucious hakuwa anapiga kelele tena, na hapo ndipo maneno yake yalipouma zaidi. "Wewe unajua hapa kuna nini. Kuna miwa, kuna jela ya kaunti, kuna mpira. Mtoto kapata huo mpira. Umemtoa kwenye huo mpira kwa mkono wako. Hata hao wa ligi na sheria zao hawakumtoa. Wewe ndiye uliyemtoa."

"Inawezekana," alisema Ozell.

"Inawezekana nini! Sema basi!"

Ozell alitaka kusema. Alikuwa na la daktari, la karatasi mbili, la dukani, yote yalikuwa yamepangana kichwani asubuhi alipokuwa akivaa. Akafungua mdomo, akatafuta mwanzo wake, asiuone. Akabaki amemtazama Lucious, mdomo wazi, na saluni nzima ikasubiri. Lucious ndiye aliyeacha kutazama kwanza. Alikuwa mpayukaji lakini hakuwa mjinga.

"Njoo kitini, Ozell," alisema Shemasi Pinder taratibu. "Zamu yako."

"Si umeninyoa jana, Shemasi?"

"Hapana. Hukunyolewa jana. Njoo."

Tavaris alikaa nje wiki nne. Kichwa kilipopona, timu ilimshukuru kwa mchango wake, ikambakiza kijana wa Ohio. Novemba alirudi Pahokee na mabegi mawili, mashamba yakiwa yanachomwa kabla ya kuvunwa, majivu meusi yakidondoka juu ya magari na nguo zilizoanikwa. Ozell alikuwa uani. Alinyoosha mkono kumsaidia begi, kijana akalivuta kwake.

"Umefurahi sasa?"

Ozell angeweza kusema lolote. Alimtazama mwanawe, mabega yale, jicho safi, akili yote imo ndani inamchukia.

"Nimefurahi," alisema. "Ninasikitika pia. Lakini nimefurahi."

"Basi sawa," alisema Tavaris, akaingia ndani.

Wiki mbili hawakusemeshana. Nyumba ndogo, wanaume wawili wenye mabega kama kabati, wanapishana kwenye kijia cha kwenda vyumbani kwa kujibanza ukutani. Wakati wa kula kijana alimwambia Verlene, "Mama, naomba chumvi," na chumvi ilikuwa mbele ya baba yake. Verlene aliwaacha. Alikuwa na wanafunzi mia tatu wa kuwapikia, hakuwa na nguvu ya kupatanisha watu wazima. Tavaris alipata kibarua kwenye mizani ya malori, kwa msaada wa Lucious, ambaye hakulizungumzia tena suala lile. Kocha wa shule ya upili akamwomba aje kuwaonyesha walinzi jinsi ya kutumia bega bila kutanguliza kichwa. Alisema atafikiri.

Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya kanisa, Verlene alipika kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi. Tavaris alikuwa amekaa mezani na shati lake jeupe, anamenya yai. Ozell alikuwa amechelewa uani, akikung'uta majivu kwenye koti. Aliingia, akanawa mikono, akajifuta, akageuka. Akamwona kijana mezani. Uso wake wote ukafunguka.

"We! Tavaris!" Akacheka kwa furaha. "Umefika saa ngapi? Mbona hamkuniambia? Timu imekuruhusuje kuja katikati ya msimu?"

Mwiko wa Verlene ukasimama juu ya kikaango. Mafuta yakaendelea kupiga kelele peke yake.

Ozell aliona nyuso zao. Alimtazama mkewe, akamtazama mwanawe, na furaha ikamtoka usoni kidogokidogo. Hakujua amesema nini, ila alijua kwamba amesema jambo. Akashika mgongo wa kiti.

"Nimekosea," alisema. "Nimekosea wapi?"

Tavaris aliweka yai chini. Kisha akainuka, akazunguka meza, akamvutia baba yake kiti, akamshika begani mpaka alipokaa.

"Hujakosea, Baba," alisema, na akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Hujakosea mahali popote. Kula, samaki anapoa."